Bendeji za Jumamosi

Siri ya mguu wa Mwalimu ilitobolewa na viatu vyake mwenyewe. Alikuja kumtembelea binti yake, akavivua mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, na binti alipoinama kuvisogeza visikae njiani akaona kitu. Viatu vilikuwa vya rangi moja na mshono mmoja, vyote vipya, ila cha kushoto kilikizidi cha kulia kwa upana wa vidole viwili. Hakuna duka linalouza viatu namna hiyo. Mama lazima alinunua jozi mbili za saizi mbalimbali, akachukua kimoja huku na kimoja kule, na vilivyobaki akavificha au akavitupa.

Binti alivipanga kando ya ukuta. Kisha akaingia sebuleni, akapiga magoti mbele ya mama yake, akashika pindo la sketi yake ndefu na kumwomba kwa sauti ya chini amwonyeshe.

Mwalimu alitaka kufoka. Alikuwa mwalimu mkuu nusu ya maisha yake, na hata alipostaafu watu wa mtaani kwao waliendelea kumwita Mwalimu, basi, kana kwamba walimu wengine wote walikuwa wa majaribio. Hakuzoea kukaguliwa, yeye ndiye mkaguzi. Lakini alikuwa amesafiri siku nzima na mguu ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala begani. Akatazama dirishani, akaacha sketi ipandishwe.

Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa kuanzia unyayo mpaka juu ya goti. Kifundo hakikuonekana kilipo. Ngozi ilikuwa imevutika, nzito, na ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Miaka kadhaa nyuma alifanyiwa upasuaji wa saratani ya kizazi, akaondolewa pia tezi za kinenani, akachomwa mionzi, akapona. Watu walimpongeza, naye akapokea pongezi. Uvimbe ulipoanza ulianza kama mzaha, jioni upo, asubuhi haupo. Baadaye ukakataa kuondoka. Alikwenda zahanati moja akaambiwa apunguze chumvi. Akaenda nyingine, akapewa vidonge vya kutoa maji mwilini, akaenda haja ndogo mpaka akachoka na mguu ukabaki palepale. Kisha jirani mmoja akanong'ona neno "matende" sikioni mwa mtu mwingine, nalo likamfikia Mwalimu siku ileile. Tangu hapo hakwenda tena popote kuuliza.

Binti hakulia wala hakulaumu. Alisema tu kwamba katika hospitali ya mji huu yuko mtaalamu anayetibu uvimbe wa namna hii, na kwamba mama hatarudi kwake kabla hajaonwa.

Chumba cha mtaalamu huyo kilikuwa mwisho wa korido, ubavuni mwa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo kutwa kilinukia shuka zilizopigwa pasi. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono imara na kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. Alimpandisha Mwalimu kwenye kitanda kirefu, akaupima mguu kwa tepu kuanzia vidoleni kwenda juu, akiweka alama za kalamu kwenye ngozi kama fundi cherehani. Alipomaliza akavuta kiti akaeleza. Mwili, alisema, una maji mengine yasiyo damu, yanayopita chini ya ngozi polepole, na njia zake hupitia kwenye tezi. Tezi za kinenani zikitolewa, au zikiungua kwa mionzi, njia imekatika. Maji yanashuka mguuni yanakosa pa kutokea. Hayo si matende, maana matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ingawa hata mwenye matende angemkaribisha kwenye kitanda hichohicho. Si uchafu, si laana, wala si chumvi.

"Tutaupunguza," alisema.

Mwalimu alilisikia neno hilo, na mengine yaliyofuata hayakuingia.

Tiba yenyewe ilimshangaza. Alitegemea kukandwa kama unga. Badala yake mtaalamu aliweka viganja shingoni mwake, juu ya mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, akawa anaisogeza ngozi taratibu, kwa wepesi wa mtu anayempangusa mtoto usingizini. Kutoka shingoni akaenda kwapani, kutoka kwapani tumboni. Mwalimu alivumilia, mwisho akaona si vizuri kumwacha mtu akosee.

"Mguu uko huku chini, mwanangu."

Mtaalamu akacheka. "Najua, Mama. Lakini foleni haifunguliwi nyuma. Inafunguliwa mbele, kule yanakoelekea magari, ndipo walio nyuma wasogee."

Baada ya kukandwa, mguu ulioshwa, ukakaushwa hata katikati ya vidole, ukapakwa mafuta, ukavishwa soksi laini, ukazungushiwa sponji nyembamba, kisha zikaja bendeji, safu juu ya safu, kuanzia vidoleni. Kazi ilipokwisha mguu ulikuwa kama nguzo ya baraza. Akaamriwa atembee nao, maana misuli ikifanya kazi ndani ya bendeji ndiyo pampu yenyewe. Ndivyo ingekuwa kila siku ya kazi, kwa majuma kadhaa. Jumamosi na Jumapili chumba kilifungwa, na mguu haukutakiwa kukaa wazi. Nani yuko nyumbani Jumamosi, aje afundishwe?

Binti alikuwa keshia wa duka kubwa, na siku za mwisho wa juma ndizo duka lilipofurika. Alimtazama mama yake, akamtazama mtaalamu.

"Mume wangu," alisema.

Mwalimu akakohoa.

Huyo mume alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa banda la nyuma ya nyumba, na kutoka asubuhi ulisikia nyundo yake na mkasi ukikata kitambaa. Siku alipokuja kujitambulisha ukweni, Mwalimu alimuuliza swali moja tu: viti vikiacha kuharibika, mtakula nini? Ukoo mzima ukaangua kicheko. Fundi hakucheka wala hakujibu. Tangu siku ile alimwamkia mama mkwe macho yakiwa sakafuni, akaitikiwa, akapata shughuli bandani. Hawakuwahi kugombana, maana hawakuwahi kuzungumza. Kila mmoja aliiita hali hiyo heshima.

Basi Fundi akaja kufundishwa, amenawa mikono mpaka imekwajuka. Alisema machache. Alijaribu kufunga mguu wa mtaalamu mwenyewe, juu ya suruali, na jioni binti alimkuta bandani akifunga bendeji mguu wa kochi, akifungua, akifunga tena.

Jumamosi ya kwanza ilifika. Fundi aliamkia mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Mwalimu aliketi kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, shuka limemfunika mapajani mpaka juu ya magoti, macho kwenye pazia. Mkwe akachuchumaa, akaanza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko alivyodhani Mwalimu, ila vilikuwa na mazoea yao. Kwa fundi makochi kitambaa kilicholegea ni aibu. Unakivuta mpaka kinalia, ndipo unapiga pini. Akavuta. Alipofika kwenye shavu la mguu, Mwalimu alisikia vidole vya mguu wake vikipiga kama ngoma ndogo. Alipomaliza goti, mguu mzima ulikuwa ukidai nafasi.

"Asante, mwanangu," alisema Mwalimu.

"Haya, Mama," alijibu Fundi, na kabla hajasikia neno la pili alikuwa bandani.

Usiku ule hakulala sawasawa. Jumapili Fundi aliuliza kutoka mlangoni, bila kuvuka kizingiti, kama Mama yu salama. Mama akajibu ni salama. Alijikaza kisabuni. Jioni binti aliporudi, miguu yake mwenyewe ikimwuma kwa kusimama, mama alimwambia mguu umepata fundi. Vidole vilikuwa vimekwisha kufa ganzi.

Jumatatu mtaalamu alifungua bendeji, akainama karibu zaidi. Chini ya kifundo ngozi ilikuwa na mikunjo iliyochimbika kama chapa, na vidole vilikuwa na rangi ya bilinganya. Akavipapasa kimoja kimoja, akasubiri damu irudi. Kisha akaeleza kwa ukali wa taratibu: bendeji inabana zaidi chini, inapungua inavyopanda, lakini haitakiwi kuuma wala kutia ganzi, na mguu wa namna hii ukipata kidonda ni mlango wa matatizo mengine. Ganzi ikija, unafungua palepale, hata kama ni usiku.

Akamgeukia Fundi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Ulimuuliza kama inabana?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Ningemuulizaje Mama jambo kama hilo?"

"Na wewe, Mama. Ulihisi?"

"Nilihisi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asante."

Mtaalamu akakaa kwenye kigoda chake. "Heshima yenu ni nzuri, sina neno nayo. Lakini mguu huu hauijui. Mficha uchi hazai. Mmoja aulize, mwingine aseme kweli. Mkishindwa hilo, mniletee mtu mwingine."

Walirudi nyumbani wakiwa kiti kimoja cha teksi, kila mmoja na dirisha lake. Mwalimu hakumkasirikia mtaalamu. Alikuwa akifikiria ofisi yake ya zamani, ile meza yake pana, na walimu vijana waliokuwa wakiingia, wakasema ndiyo, wakatoka. Aliwaambia wanafunzi kila mwaka kwamba asiyeuliza hana ajifunzalo. Lakini ni nani, katika miaka yote ile, aliyewahi kumuuliza yeye kitu? Alijitahidi kukumbuka hata mmoja. Walimstahi, ndiyo. Walinyamaza mbele yake na yeye akahesabu ukimya ule kuwa ni kupendwa. Na yeye naye, siku alipokuwa na jambo la kusema, hakuwa na mtu aliyezoea kulisikia kutoka kwake. Akanunua jozi mbili za viatu.

Jumamosi iliyofuata alimsubiri Fundi kabla hajaitwa, mguu ukiwa tayari kigodani. Yeye ndiye mkubwa. Ilikuwa juu yake kuanza.

"Leo utaniuliza kila kitu na mimi nitasema kila kitu," alisema. "Tukioneana haya, tuoneane. Hakuna aliyekufa kwa haya."

Fundi akaitikia, akaanza. Mwalimu hakujua namna nyingine ya kusema ila ile aliyoitumia darasani, kwa hiyo akasema kama anayesoma imla: vidole, vizuri. Unyayo, vizuri. Kisigino, legeza. Legeza tena. Hapo, nukta. Alipofika kwenye "nukta" mabega ya Fundi yalianza kutikisika, na Mwalimu akatambua kwamba kijana huyu alikuwa akicheka, na kwamba hajawahi kumsikia akicheka.

"Hapa je, Mama?"

"Hapo kama kiatu kipya."

"Kipya cha kubana au cha kupendeza?"

"Hivyo viwili havitengani," alisema Mwalimu.

Alifungua mara mbili, akarudia mara mbili, na saa nzima ikapita. Katikati ya saa hiyo, macho yakiwa kwenye bendeji, Fundi alisema kwamba lile swali la siku ya utambulisho alikuwa hajalijibu.

Mwalimu alijisikia uso ukipata moto. "Halikuwa swali," alisema. "Nilikuwa naringa."

"Hata hivyo nimelifikiria sana, Mama. Viti vinaharibika kwa sababu watu wanakaa. Na watu hawaachi kukaa."

Alilisema bila mzaha, kama mtu aliyelipima kwa muda mrefu. Mwalimu alicheka mpaka kiviringo cha bendeji kikamponyoka Fundi, kikakimbia chini ya meza, kikiacha mkia mrefu mweupe sakafuni, ikabidi kikunjwe upya tangu mwanzo.

Mguu ukaanza kupungua. Kwanza kilirudi kifundo, kama kisiwa maji yanapokupwa. Mwalimu alikaa akikitazama. Kisha mfupa wa goti. Vipimo vya tepu vilishuka, na siku moja mtaalamu akasema hapa ndipo mguu utakapofika, sasa apimwe soksi ya kubana ya kushonewa. Aivae kila asubuhi kabla maji hayajashuka, aivue wakati wa kulala. Aendelee kujikanda, aendelee na mazoezi, apake ngozi mafuta, asitembee pekupeku, asikate kucha ovyo.

"Mpaka lini?" aliuliza Mwalimu.

Mtaalamu aliacha alichokuwa akifanya. "Nilikueleza siku ya kwanza, Mama, lakini najua siku ya kwanza watu hawasikii. Njia zilizokatwa hazioti tena. Mguu huu tutautunza, kuuponya hatuwezi. Ni maisha yako yote."

Mwalimu alishukuru, akashuka kitandani, akaenda nyumbani. Binti alikuwa kazini. Akakaa uani kwenye kiti cha plastiki, akafungua bendeji moja baada ya nyingine, akaziacha zianguke chungu nzima miguuni pake.

Fundi alitoka bandani kutafuta mkasi akamkuta hivyo, mguu mtupu juani, sketi imekunjwa gotini, na mtu aliyejifunika shuka majuma yote yale hajali anayemwona. Akauliza kama kuna kilichobana.

"Hakuna. Nimechoka nazo."

Fundi akasimama. Mwalimu aliendelea kusema, akiutazama ukuta. Alisema saratani aliishinda. Alilala chini ya ile mashine, akatapika, akadhoofu, akarudi shuleni, akamaliza kazi yake. Alidhani amemalizana na mwili wake. Amekuja hapa apone arudi kwake. Kumbe amekuja kupewa kazi nyingine, na safari hii haina kustaafu.

Alitegemea mkwe angemwambia ashukuru yu hai. Watu wote humwambia hivyo. Fundi hakusema. Alijikuna shingo, akasema, "Sina la kukwambia, Mama. Ila ukikaa hivi mpaka jioni, maji yatarudi."

"Na yarudi."

"Haya."

Akaingia bandani. Mwalimu alidhani amekwenda zake. Lakini akatoka na mto wa kochi, sindano ndefu na vifungo, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kuanza kuvishona, bila kuhimiza, bila hata kumtazama. Jua likasogea. Jirani fulani akawa anapondaponda kitu upande wa pili wa ukuta. Mwalimu alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya bendeji kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na Fundi akavuta uzi wake, akafunga fundo, akachukua kifungo kingine.

Hatimaye Mwalimu akaokota kiviringo cha kwanza.

"Nikirudi kwangu hutakuwepo," alisema. "Soksi ikichanika, au mguu ukikaidi, nitafanyaje? Niangalie."

Akaanza kujifunga mwenyewe. Ilikuwa kazi ngumu: kuinama, kuzungusha, kushika sponji isiteleze. Fundi aliweka mto chini, akasogea karibu. Alipotaka kusaidia alikatazwa. Kwa hiyo akatazama, na baada ya mizunguko kadhaa akasema, "Hapo umekaza, Mama."

Mwalimu akainua macho. Yalikuwa macho yaliyonyamazisha mabweni mazima.

"Umekaza," alirudia Fundi. "Rudi nyuma mzunguko mmoja."

Akarudi nyuma mzunguko mmoja.

Binti aliporudi jioni aliwakuta wangali uani, mama yake na mumewe, wakibishana juu ya kisigino. Akasimama mlangoni na mifuko yake. Baadaye alimwambia mumewe chumbani kwamba ameolewa miaka yote hiyo na hajawahi kuthubutu kumwambia mama yake arudi nyuma, hata hatua moja.

Mwalimu alirudi kwake na soksi mbili za kushonewa na glavu za mpira za kuzivalia, maana soksi hizo ni kaidi na mikono mitupu inateleza. Kuna asubuhi alizivaa bila kufikiri, na kuna asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akizitukana kwa maneno ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyasikia. Majira ya joto mguu ulijaa licha ya yote. Majira ya baridi ulitulia. Binti alipopiga simu mama alimwambia habari za majirani. Habari za mguu aliambiwa Fundi, na binti alilalamika, nusu kwa utani, kwamba siku hizi yeye ndiye mkwe.

Asubuhi moja Mwalimu aliamka akitetemeka. Mguu ulikuwa mwekundu, wa moto, unauma kuguswa, na kati ya vidole palikuwa na ufa mdogo ambao hakuuona. Alikaa na simu mkononi. Haya ilimjia, ileile, na fikra kwamba labda ikifika jioni itapita. Akabonyeza.

"Mwanangu, nina homa, na mguu umewaka."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu nilipoamka. Sijamwambia mtu mwingine."

"Usivae soksi. Nenda hospitali sasa hivi, uwaambie kabisa kwamba huo ndio mguu uliotolewa tezi. Nafunga karakana, nakuja."

Alilazwa siku chache, akachomwa sindano za dawa, homa ikashuka. Mguu ulibaki umeongezeka, na baada ya kupona ilibidi arudi kwa mtaalamu aanze bendeji upya kwa muda. Mtaalamu alimpima, akaandika, akamwonyesha umepanda kiasi gani. Mwalimu alitazama, akasema haya. Akapanda mwenyewe kwenye kitanda kirefu, akalala chali, akafungua vifungo vya shingoni, na wakati viganja vya mtaalamu vikianza kazi juu ya mitulinga yake, akamuuliza kwa nini anaanzia upande wa kulia leo na si wa kushoto, na akasikiliza jibu mpaka mwisho.